Mtakapofika Kule

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kwanza, mengine yatafuata. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi aliniambia umekubali kulalia godoro gumu baada ya kubishana naye sana, na kwamba sasa unawaambia watu wazo lilikuwa lako. Mpe pole, yeye, si wewe. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka na hajasahau alichowaahidi. Sisi huku ni wazima wa mwili. Wanangu wanakula, wanarefuka, wananimalizia sabuni.

Najua utaigeuzageuza bahasha hii ukijiuliza nani amefariki. Hajafariki mtu. Nimeandika kwa sababu wewe kwenye simu huna neno ila "enhe, enhe", mpaka nasahau nilichokupigia. Tena nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumbani wa jikoni anakupa pole, na haya ya leo sitaki yasikike kabla sijayaelewa mwenyewe. Niko kazini, wenzangu wametoka kwenda kula, mashine zimezimwa. Nitaandika kadiri yanavyonijia. Ukiona nimeruka mahali, rudi nyuma usome tena, maana hata mimi siku hizi naishi hivyohivyo.

Nianze na habari ya kazi. Kiwanda chetu cha uchapaji kinafungwa. Bosi amechoka, na jengo limeuzwa, litavunjwa. Lakini hakututupa. Ana maduka mawili madogo ya uchapaji katika miji miwili, na kila moja linahitaji msimamizi. Aliniita ofisini kwake, akanikalisha kwenye kile kiti cha wateja ambacho sijawahi kukikalia, akasema kwamba kwa kuwa mimi nimekaa naye kuliko wote, nichague mji ninaoutaka, na utakaobaki atapewa fundi wetu wa kukata karatasi. Nilitoka pale nikicheka peke yangu. Kaka, wewe unajua maisha yangu, siku zote nimepewa kilichobaki. Nikadhani kuchagua ni starehe.

Mji mmoja uko mlimani, mwingine uko bondeni kando ya mto. Nyumbani tukaacha kabisa kutaja majina yake, tukawa tunasema Juu na Chini. Basi ikawa kila siku ni Juu na Chini, Juu na Chini, hadi jirani akamuuliza mwanangu mdogo kama tunataka kununua kitanda cha ghorofa. Huyo mdogo ndiye tunayemwita Spika, kwa sababu akiamka amewashwa. Akamjibu jirani kwamba ndiyo, na yeye atalala juu. Nilikuta mtaa mzima unajua habari za kitanda.

Tulikwenda kuiona miji yote miwili, mimi na shemeji yako. Nitamwita Gramu tu, maana jina hilo ulimbandika wewe mwenyewe zamani mlipokuwa mnajifunza kazi na kulala chumba kimoja, na limemganda. Mpaka leo akikata mkate anaulinganisha kwa macho vipande vyote kabla hajampa mtu. Ukiwa fundi mizani, nadhani huwezi kuacha.

Tukaenda Juu kwanza. Kuna baridi ya kukunja vidole, lakini maji yanatoka bombani saa zote, na nyumba tuliyoonyeshwa ina vyumba vitatu na sakafu ya mbao inayolia ukikanyaga. Duka la Bosi ni safi, mashine mpya, kila kitu kimepangwa. Tatizo ni kwamba tulimkuta muuzaji amelala, na aliamka kwa hasira, kama vile sisi ndio tuliokosea. Shule iko mbali. Nilirudi nimesema moyoni, ni Juu, basi, yameisha.

Tukaenda Chini. Joto, mbu, maji kwa zamu. Ukutani sebuleni kuna alama ya mto ulipoingia siku moja, imefika usawa wa goti langu, na mwenye nyumba anasema mto wenyewe ni mpole, ule ulikuwa utani wake tu. Lakini shule iko mlango wa pili, na duka la Bosi limejaa watu hadi barazani, mashine inavuja wino, makaratasi yako kila mahali, na nilipoingia tu mteja akanipa kazi yake niisome akidhani mimi ndiye mwenye duka. Nikaisoma. Nilikuta makosa mengi, nikafurahi sana. Nilirudi nimesema ni Chini, basi, yameisha.

Hayakuisha. Nikiosha vyombo naona Juu, nikivisuuza naona Chini. Nilimuuliza mama mkwe wangu, akasema Juu, kwa sababu joto linazeesha. Nilimuuliza jirani wa kitanda, akasema Chini, kwa sababu baridi inazeesha. Spika anataka Chini kwa ajili ya mto, na hilo peke yake lingetosha kunipeleka Juu. Binti Mkubwa amekuwa mtu wa sekondari sasa, hajibu swali, anainua mabega. Fundi wa kukata karatasi ananisubiri mlangoni kila asubuhi na swali lake lilelile, "Dada, juu au chini?" kwa upole wa mtu anayekaribia kukupiga. Mke wake ana mimba na hawajui wanunue nguo nzito au nyepesi.

Na Gramu je? Hapo ndipo ninapotaka unisikilize, kaka. Gramu alikuwa mzuri kupita kiasi. Kazi yake ni ya kubeba, sanduku moja la zana na mawe ya mizani, na kila mji una soko na kila soko lina mizani inayodanganya. Kwa hiyo hakuwa na neno, alisema kazi yangu ndiyo ya kufuatwa. Kule tulikokwenda alifungua kila bomba. Alijaribu kila kitasa kwa ndani, akajifungia, akafungua. Alimuuliza mama mwenye nyumba wa Juu kama yeye ni mwepesi wa kuamka akiitwa usiku. Alimuuliza yule wa Chini ni nani hapa mtaani anayejua kurekebisha umeme. Alipanda darini kutazama mabati. Mimi nilikuwa nimesimama uani na mkoba wangu, nikajiambia kwamba kweli nimeolewa, wengine wameokotwa tu. Nilijisikia fahari, sikufichi.

Na njiani akawa anapima kama kawaida yake. Juu mtapata maji, lakini mtahitaji mablanketi. Chini mtakuwa karibu na shule, lakini mtanunua vyandarua. Mkikaa Juu, Spika atakohoa. Mkikaa Chini, msiweke godoro sakafuni. Nilimsikiliza nikitikisa kichwa. Mimi, kaka, mimi ambaye nalipwa mshahara kwa kuona herufi moja iliyokosewa kwenye ukurasa mzima, sikusikia kitu.

Nikasikia hapahapa kazini, kwenye kiti hiki. Ilikuja kadi ya harusi niisome kabla haijachapwa. Wazazi walitaka kuwaambia wageni, "Tutafurahi kuwaona." Mwenzangu wa kompyuta alikuwa amechapa, "Mtafurahi kuwaona." Nikacheka, kwa sababu kwa herufi hiyo kadi nzima ikawa inawaita watu kwenye sherehe ambayo wenyeji hawatakuwepo. Nikaizungushia wino mwekundu, na kabla sijainua kalamu nikamsikia Gramu masikioni mwangu. Mtapata maji. Mtakuwa karibu na shule. Mtakapofika kule. Nikajaribu kukumbuka hata mara moja aliposema tutapata, tutakuwa, tutakapofika. Mwenzangu akaja kuniuliza kama kadi iko tayari, nikamwambia bado, akaenda akarudi, nikamwambia bado. Ilikuwa kadi ya mistari michache tu.

Jioni ile sikumuuliza. Nilidhani labda ni mimi na kazi yangu, ukizoea kutafuta makosa unayaona hata kwenye salamu. Nikaamua kumtega. Nikamuuliza, tukiwa tunakunja nguo, tukipata ile nyumba ya Juu kitanda chetu tukiweke wapi. Akasema, "Wekeni mbali na dirisha." Nikamuuliza, na ikiwa ni Chini, chakula tutakula ndani au barazani. Akasema barazani mtapata upepo. Nikamuuliza benchi lake la kazi litakaa wapi. Akakunja shati la Spika, akalikunjua, akalikunja upya, akasema, "Tutaona."

Hiyo ndiyo "tu" pekee niliyoipata, kaka. Na "tutaona" kila mtu anaisema, hata mtu anayekufukuza dukani anaisema. Nikashindwa kujua niihesabu au nisiihesabu.

Kuanzia hapo nikawa sijielewi. Nikipika nachunga maneno yake, nikilala nachunga maneno yake. Siku moja alisema "tukihama" na moyo ukanidunda, kumbe alikuwa anamsimulia Spika hadithi ya sungura. Mara nikaona najitafutia ugomvi, mara nikaona nimechelewa. Nikachunguza mashati yake, na usinicheke, nikitafuta nini sijui. Yananuka grisi na sabuni yetu. Nikamwambia Bosi anisubiri kidogo, akasema kidogo tu. Nikawa namkwepa fundi wa kukata karatasi kwa kupitia mlango wa nyuma.

Jumapili iliyopita watoto walikwenda kwa bibi yao. Gramu alikuwa amekaa uani anafuta mawe ya mizani kwa kitambaa, moja moja, kubwa hadi dogo. Nikaketi mbele yake kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sikuzunguka. Nikamwambia, "Kila siku unasema mtakapofika, mtakapofika. Wewe utakuwa wapi?"

Aliniangalia, na kaka, ningeweza kuapa kwamba alishangaa kuliko mimi. Aliuliza kama kweli anasema hivyo. Nikamtajia vyote, maji, shule, blanketi, kitanda, hadi baraza. Akasikiliza huku ameshika jiwe mkononi. Nikamuuliza kama kuna mtu, akasema hakuna. Nikamuuliza kama ni mgonjwa, akasema hapana, anakula kama ninavyoona. Nikamuuliza kama ametuchoka, akasema asingejaribu vitasa vya watu aliowachoka. Kisha akasema maneno ambayo nimeyarudia kichwani mpaka yanataka kukosa maana.

"Nikiifikiria ile nyumba nawaona nyinyi. Wewe uko jikoni, Spika anapiga kelele, dada yake amejifungia. Najitafuta chumba hadi chumba, mimi sijioni."

Nilikasirika. Nasema kama ilivyokuwa. Ningeambiwa kuna mwanamke ningejua pa kwenda na nani wa kumtukana, na jirani angenisindikiza. Sasa hili nilipeleke wapi? Nikamwambia hakuna anayejiona, hata mimi sijioni, macho yametazama nje, anataka nimpe kioo? Akatabasamu kidogo, akasema hapana, si hivyo. Nikamwambia basi kuhama kusimtishe, tutakaa hapahapa, nitatafuta kazi nyingine hata ya kufagia. Nikamuuliza, "Hapa nyumbani je, hapa unajiona?"

Alilirudisha lile jiwe mahali pake kwenye sanduku, akafunga kifuniko. Akasema, "Siku hizi, hata hapa, sijioni sana."

Basi kaka, ndipo nilipojua kwamba Juu na Chini vyote vilikuwa maneno yangu ya kujifurahisha. Nilikuwa nachagua kati ya miji, na mume wangu hayumo hata kwenye nyumba tuliyomo. Na sijui ameanza lini kutoka. Anaamka, anakwenda kazini, anarudi, anamsaidia Spika hesabu, anakula, anasema ahsante. Ungeniuliza mwezi uliopita ningekuambia nyumba yangu imetulia. Nilikaa juu ya ile ndoo mpaka miguu ikafa ganzi. Nililia, halafu nikaacha kwa sababu yeye alikuwa halii, nikaona aibu kulia peke yangu juu ya jambo lake.

Sikutaka maneno yaishie pale. Nikamuuliza jambo la kipumbavu, kwa kuwa la maana sikuwa nalo. Nikamuuliza, kama sisi tumeshahamia, na yeye yuko hukohuko anakojua yeye, na anataka kuja kututembelea, angependa tuwe mji gani.

"Chini," akasema. Hakufikiri. Mtu huyu anayepima chumvi kwa vidole kabla ya kuitia, alijibu hata sijafunga mdomo. Nikamuuliza kwa nini Chini. Akasema kuna basi la moja kwa moja, linaondoka asubuhi, unakaa upande wa kushoto kukwepa jua. Nikamuuliza angekuja mara ngapi. Akasema kila wiki. Nikamuuliza kama hapo anajiona. Akafumba macho kabisa, mtu mzima uani mchana kweupe. Akasema ndiyo, hapo anajiona vizuri, amesimama barazani, amebeba mkate chini ya kwapa, anabisha hodi.

Nikamuuliza, akishabisha? Akasema hapo anasikia Spika anakimbilia mlangoni, na zaidi ya hapo bado hajafika.

Asubuhi yake nilimwendea Bosi nikamwambia ni Chini. Fundi wa kukata karatasi alinikumbatia mbele ya watu, akaenda kununua sweta za mtoto. Watoto nimewaambia baba yao atamalizia kazi za wateja wake hapa kwanza, jambo ambalo ni kweli kwa sehemu. Yeye Gramu amenifungia vyombo vyote kwenye magazeti, kimoja kimoja, na amekwenda mwenyewe mapema kuweka komeo jipya kwenye mlango wa kule. Amerudi na funguo mbili. Mmoja amenipa mimi, mwingine amempa Binti Mkubwa. Nikamuuliza wake uko wapi, akasema akiwa na ufunguo hatabisha.

Sasa kaka, wewe ni mkubwa wangu, niambie, maana mimi akili imegoma. Sijui kama nimeachwa au nimechumbiwa upya. Usiku najipanga kumchukia, asubuhi namwona amenipashia maji ya kuoga. Nikijaribu kumweleza mtu, naona hata mdomoni kwangu halikai sawa. Mama mkwe nimemficha, na wewe utamficha.

Ninachokuomba ni hiki. Sisi tunaondoka mwisho wa wiki hii, mimi na watoto. Wewe uliishi naye chumba kimoja kabla sijamjua, labda kuna mahali unapomwona ambapo mimi sipaoni. Njoo ukae naye hapa siku kadhaa. Usimpe mawaidha, na usimwambie nimelia. Ipeni kazi mikono yenu, tengenezeni hata mlango wa choo, unalegea. Kisha akisema anapanda basi, panda naye, umpishe yeye dirishani, upande wa kushoto. Mkifika mtaani kwetu, usimshike mkono wala usitangulie kuita. Kaa nyuma kule njiani hata kama jua linakuchoma, na mwache abishe mwenyewe. Mimi nitakuwa ndani. Mlango nitaufunga kwa komeo, kusudi abishe.

Mgongo wako ukikataa safari, niambie mapema, nitaelewa, ingawa nitanung'unika. Msalimie wifi sana, na godoro lake. Watoto wanakuamkia wote, Spika anasema umletee ndoana. Kwa leo naishia hapa, wenzangu wanarudi na wataniuliza ninasahihisha kazi ya nani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mama Spika